Mezani pa Wasiopenda Matango

Katika kiwanda kile cha kusindika matango, kazi ya kuonja haikupewa mtu anayependa matango. Mwenye kuyapenda alipelekwa kwenye visu, au kwenye vifuniko, au stoo. Waliokaa meza ya kuonja walikuwa watu watatu ambao, kwa hiari yao, wasingetia tango mdomoni hata kwa kushikiwa fimbo.

Sababu yake ilikuwa ya kitaalamu, na mwenye kuieleza alikuwa mwanamke mwembamba wa koti jeupe. Alikuwa mkemia, lakini kwa ajili ya lile koti kiwanda kizima kilimwita Daktari, na wapo waliomwonyesha hata jino bovu. Daktari aliwaambia wageni kwamba watu hawakuumbwa na ulimi mmoja. Yuko anayetafuna tango akaona maji ya baridi yenye harufu ya majani, na yuko anayetafuna tango lile lile akaona dawa ya minyoo. Huyu wa pili si mkaidi wala hajidekezi. Amezaliwa na ulimi unaousikia uchungu mdogo ambao mwenzake hausikii kabisa, kama vile yapo masikio yanayosikia mbu aliye chumba cha pili. Mtu huurithi ulimi huo kwa wazazi wake, kama anavyorithi pua. Na kwa kuwa tango lililokosa maji shambani huweka uchungu, na uchungu ukizidi humvuruga mlaji tumbo, kiwanda kilihitaji watu wa kuusikia mapema, kabla matango hayajaingia kwenye tangi. Siki na chumvi hufunika mengi, alisema Daktari, lakini hilo havilifuniki.

"Kwa hiyo," alikuwa akimalizia, akiwageukia waonjaji, "chuki yenu ndiyo kazi yenu."

Mdogo kuliko wote watatu alikuwa msichana mwenye haya, aliyezoea kuingia chumbani ubavu ubavu kama anayeomba njia. Siku ya usaili waliwekewa sahani ya matango, na waliokula wakatabasamu walishukuriwa wakarudi kwao. Yeye kipande cha kwanza tu kilimtoa machozi. Alitafuta pa kutemea, akakosa, akatemea kwenye leso yake, kisha akaomba radhi mara tatu. Alijua ameharibu. Daktari alimwandika palepale. Baada ya mwaka mmoja wakawa wanamwita Kipimo, kwa sababu hakuwahi kukosea. Mara moja alikataa shamba zima peke yake, wenzake wakamcheka, na wiki ile ile mwenye shamba akapiga simu kwamba wanawe wameyala matango yale na wanaharisha. Tangu hapo msimamizi aliandika kanuni kwa kalamu nene, akaitia kwenye plastiki na kuibandika ukutani: waonjaji wakiwa wawili na wakatofautiana, neno la Kipimo lifuatwe.

Ulimi huo aliupata kwa baba yake, fundi cherehani. Si fundi wa kushona. Yeye alizifungua zikiharibika. "Tango ni maji yenye kinyongo," alikuwa akisema, na ndani ya nyumba yake halikuingia. Kati ya watoto wanne ni huyu kitindamimba pekee aliyefanana naye kwa hilo. Kwa sura alikuwa mama mtupu. Wakialikwa mahali na sahani ya matango ikaletwa, baba na binti walitazamana, wote wawili wakaisukuma pembeni kwa wakati mmoja, na watu wakacheka. Basi. Hawakuwa watu wa maneno. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

Baba alianguka karakanani asubuhi moja, bisibisi mkononi, cherehani ya mteja ikiwa imelala wazi mbele yake. Kipimo alizika, akapokea pole, akakunja viti vya kuazima na kuvihesabu, vikatimia. Siku ya tisa alirudi kazini. Hakuwa amelia. Majirani walimsifu kwamba ana moyo wa subira, naye aliwaitikia asante, ila hakuona moyo wa subira wala wa namna nyingine. Aliona ganzi, kama ya mkono ulioulalia ukaamka nao si wako.

Asubuhi ile ya kurudi, kazi ilikuwa ile ile. Magari yalishusha makreti. Yalichaguliwa matango kumi ya kila shamba, yakakatwa upande wa kikonyo, maana uchungu hukaa kichwani, na vipande vikapangwa kwenye sahani nyeupe. Meza ya kuonja ilikuwa moja ndefu iliyogawanywa kwa mbao, kila mtu kwenye kijumba chake asione uso wa mwenzake, kwa sababu uso mmoja ukikunjamana na wa jirani hukunjamana. Kila mmoja alikuwa na glasi ya maji vuguvugu, kipande cha mkate mkavu cha kufutia ulimi, na beseni la kutemea. Ukionja unaandika kwenye fomu, safi au uchungu, hakuna cha katikati. Wawili wakikubaliana, neno lao limepita.

Kipimo alionja sampuli kumi za kwanza. Safi. Alionja kumi za pili. Safi. Alishukuru kimoyomoyo kwamba mashamba yamempokea vizuri. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu alimkuta Shangazi kwenye sinki, anasukutua kama mtu aliyemeza sabuni.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale. Aliitwa hivyo kwa sababu ya umri, mwili, na tabia ya kuuliza kila msichana kama amekula. Alikuwa ameonja miaka kumi na minane. Goti lake la kushoto lilikuwa bovu, na alisema meza ile ndiyo ajira pekee duniani ambayo mtu analipwa akiwa amekaa na amenuna.

"Shamba la bondeni leo limetuamulia," alisema, akitema. "Ile ya saba nilidhani nimelamba betri."

Mwonjaji wa tatu, mwanamume waliyemwita Domo kwa kuwa hakufunga mdomo, akadakia kwamba yeye ile ya saba ilimfunulia dhambi zake zote. Wakacheka. Kipimo naye akacheka, kisha akarudi mezani akaitazama fomu yake. Ya saba, safi. Zote kumi, safi.

Jioni ile nyumbani alijaribu. Alilamba chumvi, akaisikia kwa mbali, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Kahawa isiyo na sukari aliinywa ikawa maji ya moto. Alichukua kidonge cha maumivu ya kichwa akakitafuna polepole hadi kikaisha, na hakikuwa na jambo la kumwambia. Alisafisha kikombe, akakining'iniza pahala pake.

Kusema alitakiwa aseme kesho yake. Lakini vitu vya marehemu vilikuwa vimeshagawanywa. Kaka mkubwa alichukua bisibisi na koleo zote, dada akachukua redio, mjomba akapewa koti. Walipomuuliza yeye anataka nini alisema hataki kitu, na hakusema hivyo kwa adabu. Aliona chake alishakichukua siku aliyozaliwa, na anakwenda nacho kazini kila asubuhi. Sasa angeenda kwa Daktari kusema nini? Angemwambia kwamba alipewa kitu kimoja tu, na amekipoteza hata siku arubaini hazijafika?

Akanyamaza. Na kunyamaza kulikuwa rahisi, kwa sababu wenzake walikuwa wawili. Walipoandika uchungu, uchungu ulipita. Safi yake iliangukia pembeni kama ganda. Hakuna aliyesoma fomu moja moja. Daktari alijumlisha, akatia saini, akaendelea na mambo yake. Zikapita siku kumi namna hiyo. Kila asubuhi Kipimo alitafuna, akatema, akaandika safi, akafuta ulimi kwa mkate ambao haukuwa na cha kufuta.

Jumapili mama yake alirudi sokoni, akatoa kwenye kikapu nyanya, vitunguu, kisha akatoa tango moja. Alilitoa taratibu, akaliweka kwenye ubao kama mtu anayeweka barua ya siri. Hakumtazama binti yake.

"Nimeliona tu," alisema. "Lilikuwa bichi."

Ikajulikana, kidogo kidogo, hali anakata, kwamba mama alipenda matango tangu utotoni. Kwamba alipoolewa aliona mumewe anavyofunga pua, akaacha kununua. Na kwamba miaka thelathini na mmoja hakuona kama amenyimwa chochote, ni vile tu msimu ukifika alipita upande wa pili wa soko. Alikula kipande cha kwanza akiwa amesimama karibu na dirisha, na shavu lake likasogea polepole. Kisha akajisahau, kama mama yeyote, akasukuma sahani upande wa mwanawe.

Kipimo akachukua kipande akala. Akachukua cha pili. Aliona ni adabu, mtu asile peke yake.

Mama aliweka kisu chini.

"Unakula?"

"Nakula."

"Tango?"

"Halina kitu, mama. Ni maji."

Mama akamsogelea. Alimshika paji la uso kama anayepima homa, halafu akashika shingo, halafu akaacha mkono palepale shingoni. "Baba yako angekula hivi," alisema, "ningekimbia kumtafutia gari la hospitali." Alimuuliza tangu lini. Kipimo akasema hajui, huenda ni mafua. Mama hakubishana. Alikusanya vipande vilivyobaki, akavifunika kwa sahani nyingine, na hakula tena siku hiyo, ingawa alikuwa amengoja miaka thelathini na mmoja.

Wiki iliyofuata mke wa Domo alijifungua mapacha, na Domo akachukua likizo. Aliaga kwa kusema anakwenda kujifunza kunyamaza, maana nyumbani sasa kuna wawili wenye domo kubwa kuliko lake. Akaondoka, na mezani pakabaki watu wawili na kanuni ukutani.

Jumatatu, shamba la bondeni: Shangazi aliandika uchungu mara tano, Kipimo akaandika safi kumi. Daktari alizisoma fomu mbili pamoja, akainua nyusi, akatazama ukutani, na makreti yakamwagwa tangi namba nne. Jumanne wakatofautiana kwa shamba jingine. Jumatano, kwa mashamba mawili. Kila mara neno la Kipimo likafuatwa, kwa kuwa Kipimo hakuwahi kukosea, na aliyekuwa hajakosea miaka minne hakuna aliyefikiria kumwangalia mdomoni.

Waliyemwangalia alikuwa Shangazi. Msimamizi, mwanamume mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alianza kupita nyuma ya kijumba chake mara kwa mara. Alimuuliza kwa upole kama anatumia dawa zozote za goti. Alimuuliza umri wake, ilhali alikuwa nao kwenye faili. Shangazi akaanza kuomba vipande viwili viwili. Alionja, akangoja, akaonja tena. Pale alipokuwa akimaliza sahani kwa dakika kumi sasa alichukua nusu saa. Alinunua kile kijiti cha kukwangulia ulimi, akakwangua hadi ulimi ukachubuka.

Alhamisi, wakibadilisha nguo, alimshika Kipimo mkono.

"Mwanangu, niambie ukweli. Ile ya tatu ya leo. Wewe hukusikia kitu?"

"Sikusikia," alisema Kipimo.

Na haukuwa uongo. Hilo ndilo lililokuwa jambo la ajabu, kwamba aliusema ukweli mtupu na maneno yakatoka laini kama ya mwongo aliyezoea.

Shangazi aliachia mkono. Alikaa kwenye benchi, kiatu kimoja mguuni, kingine mapajani. Alisema mama yake naye alianza hivyo hivyo, kwa pua. Akawa anasikia moshi usiokuwepo, anaamsha watoto wote wakimbie. Wakawa wanamcheka. Sasa zamu imemfikia yeye, anasikia uchungu usiokuwepo. Alisema msimamizi ameshamdokezea: kesho watakaa, watazungumza, na huenda ikawa ni vifuniko. Vifuniko ni kusimama kwa saa nane. Aliligonga goti lake kwa kisigino cha kiatu, taratibu, kama anayeligongea hodi.

"Si goti," akasema. "Goti nitalifunga kitambaa. Ni kwamba asubuhi hii nimekunywa chai, nikajiuliza kama kweli ni chai."

Kipimo alisimama mbele yake na vifungo vya koti havijamalizika kufungwa. Alitambua kwamba hapo mtu mwingine angesikia kitu. Alingoja akisikie. Hakuna kilichokuja. Alimfunga Shangazi kamba za kiatu, kwa kuwa aliinama akaziona ziko wazi, wakatoka kila mtu na njia yake.

Njiani aliyapanga mambo kama baba yake alivyokuwa akipanga skrubu kwenye kitambaa, moja moja, kwa mpangilio wa kuzitoa. Akinyamaza, atabaki mezani na ulimi wa baba yake, japo ni jina tu. Shangazi atakwenda vifunikoni, na mbaya zaidi, atazeeka akiamini mdomo wake umemsaliti. Akisema, Shangazi atarudishiwa mdomo wake, na yeye atabaki bila kitu hata kimoja cha marehemu. Mficha maradhi, kifo humuumbua, watu husema. Lakini hapa aliyekuwa anaumbuliwa ni mtu mwingine, mzima wa afya. Alizitazama skrubu hizo mpaka akafika mlangoni. Hakuona huruma wala hofu. Aliona tu kwamba kuna moja haiko mahali pake.

Ijumaa saa nne waliitwa ofisini, wote wawili. Fomu za wiki zilikuwa zimetandazwa mezani. Msimamizi ndiye aliyeanza, na alizunguka sana. Alisifu miaka kumi na minane, akasema mwili ni mashine, akasema hata gari jipya huchakaa. Daktari alikuwa anatazama dirishani. Shangazi alimsikiliza msimamizi hadi alipofika mwisho, kisha akavua kofia yake nyeupe ya kazi, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya fomu.

"Nimeelewa, baba," alisema. "Usijichoshe."

"Mimi ndiye sisikii," alisema Kipimo.

Alisema kwa sauti ndogo hata msimamizi akamwambia, samahani, umesemaje. Akarudia. Alisema ni yeye asiyesikia uchungu, wala si wa matango peke yake, na kwamba Shangazi alikuwa sahihi mara zote. Akaziinamia fomu, akaanza kumwonyesha Daktari kwa kidole: hii, na hii, na hii.

Msimamizi akacheka kidogo, akidhani binti anamwonea mwenzake huruma. Daktari hakucheka. Alifungua droo akatoa kichupa cha vijikaratasi vyembamba vilivyochovywa dawa chungu, vile anavyowapimia waombaji kazi. Akampa kila mmoja chake. Shangazi alikitia ulimini, na kabla hajafumba mdomo alikuwa ameshakitemea kiganjani, uso umekunjamana wote, akimtukania Daktari ukoo wa mbali. Kisha akakitazama kile kijikaratasi kilicholowana kiganjani, na macho yake yakajaa. Alikuwa mzima.

Kipimo alikaa na chake mdomoni kama karatasi ndani ya bahasha. Wote watatu walimtazama. Dakika ilipita kwenye saa ya ukutani. Akakitoa, akakiweka pembeni mwa meza.

"Tangu lini?" aliuliza Daktari.

"Tangu nirudi msibani."

Msimamizi alitazama kalenda, midomo ikihesabu. Alipofika kwenye siku walizokuwa wawili tu mezani, alikaa chini. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali. Aliuliza tu, karibu kwa kunong'ona, kama anajua tangi moja lina kilo ngapi. Kipimo akasema anajua, akazitaja.

Matangi manne yalifunguliwa mchana ule. Shangazi alipita juu ya kila moja na uma mrefu, kofia kichwani, goti limefungwa, wanaume wa stoo wakimshikia ngazi kama bibi harusi. Mawili yalipona. Mawili yalifunguliwa mabomba, na siki ikatiririka kwenye mtaro wa nyuma hadi jioni. Harufu yake ilikaa kwenye nguo za watu siku tatu. Daktari alimwambia Kipimo aende hospitali akapimwe, kwamba inaweza kuwa mafua yaliyopita vibaya, inaweza kuwa huzuni, na inaweza kurudi au isirudi. Yeye ni mkemia, hajui. Alimgusa bega alipokuwa anasema hivyo, kisha akaenda kukibandua kile kikaratasi cha kanuni ukutani. Kilikuwa kimegandamana na rangi, kikatoka vipande vipande.

Kipimo hakufukuzwa. Miaka minne ilimwombea. Jumatatu alipelekwa vifunikoni.

Vifunikoni hapakuwa na siri. Chupa za kioo zilikuja kwenye mkanda, zimejaa matango na siki, na wanawake sita, watatu kila upande, waliziwekea vifuniko kwa mkono, nusu mzunguko, mashine ya mbele ikakaza. Ukikosa moja, mwenzako wa pembeni anaidaka. Wanawake wale walikuwa wamesikia habari yote na zaidi ya yote. Siku ya kwanza hawakumsemesha. Siku ya pili mmoja akasema kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi, mwingine akamjibu kwamba koleo lenyewe limevunjika likavunja na duka, wakacheka bila ubaya sana. Kipimo aliweka vifuniko. Hapa mikono ilitosha, ulimi haukuulizwa kitu. Hata jina lake hawakujua walitumie au waliache, wakaishia kumwita wewe.

Jioni mama alimuuliza imekuwaje, naye akamsimulia kwa maneno machache, kama anayesoma orodha. Mama hakumlaumu wala hakumsifu. Alisema kesho wataenda hospitali pamoja. Wakaenda. Daktari wa kweli alimmulika kooni, akampa miadi ya mwezi ujao.

Shangazi hakuja vifunikoni siku ya tatu, wala ya nne. Walipopishana getini alijibu salamu, lakini hakuuliza kama amekula, na hilo lilitosha kumjulisha Kipimo kwamba hajasamehewa.

Alikuja siku ya sita, saa ya mapumziko yake, mkanda wa vifuniko ukiwa bado unakwenda. Alisimama nyuma ya Kipimo, mkono mmoja kwenye nguzo ili goti lisibebe. Alitazama chupa zinavyopita.

"Siku nne," alisema hatimaye. "Siku nne ulinifanya nisiuamini mdomo wangu. Nilikuwa narudi nyumbani naweka chumvi kwenye chakula, naogopa kuwauliza watoto kama imezidi."

"Nisamehe, Shangazi."

"Hilo sijalifikia. Usinikimbize."

Kipimo aliweka kifuniko, nusu mzunguko. Akaweka kingine. Shangazi akamuuliza sababu. Hakumuuliza kwa ukali. Aliuliza kama anayetaka kujua bei ya kitu asichokinunua. Na Kipimo, ambaye hata kwa mama yake hakuitaja sababu, akasema bila kugeuka. Kwamba ndugu zake walichukua vitu. Kwamba yeye alikuwa na ulimi tu, wa baba yake, na kwamba aliona akisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ameupoteza, ndipo baba atakuwa amekufa kabisa.

Mkanda ulinguruma. Shangazi alivuta pumzi kwa pua.

"Wewe mtoto," alisema. "Si ungeniambia mimi?"

Kipimo alichukua kifuniko kingine.

"Ubao uliotutenga mezani unene wake ni kidole. Ningekuwa nakukoholea. Likiwa safi kimya, likiwa chungu nakohoa. Nani angejua? Kwa umri huu nani anamuuliza mwanamke mbona unakohoa? Ningekuonjea mwezi, miezi miwili, mpaka mwenyewe ukae sawa." Akaongeza, sauti ikiwa imeshuka, "Miaka minne tumekaa ubavu kwa ubavu, na hukuona kwamba mimi ni mtu wa kuambiwa."

Alisema hayo akaiachia nguzo, akaondoka akichechemea kuelekea mezani kwake, kengele ikiwa haijalia.

Kipimo alibaki na kifuniko mkononi. Kilikuwa cha baridi, na ukingo wake ulikuwa mkali kidogo upande mmoja. Alihisi hivyo kwa mara ya kwanza, na alikuwa ameshavigusa maelfu. Machozi yakaanza kumtoka, hayakuwa na haraka, ya kwanza tangu baba azikwe. Chupa moja ilipita mbele yake wazi. Ikapita ya pili. Ya tatu ilipopita, mwanamke wa pembeni alinyoosha mkono kuidaka, akamtazama usoni kwa hasira, halafu hasira ikaisha. Akasogea hatua moja, akaanza kufunika za kwake na za mwenzake.